Mashavu ya Lusenge

Jumapili ile, misa ilipokwisha, mtoto Lusenge alipita mikononi mwa wanawake wa Mususa, mtaa wa mji wa Butembo, mmoja baada ya mwingine. Huyu alimfinya shavu, yule akamnyanyua kidogo kumpima uzito, mwingine akamshika mguu akicheka kwamba hakuna kiatu sokoni kitakachomtosha. Mtoto hakucheka wala hakulia. Aliwatazama tu kwa macho mazito, nao wakasema ana adabu.

"Muangalie hii mutoto!" alisema Mama Syauswa, mkubwa wa kamati ya wakimbizi ya mtaa, mwenye mjukuu mgongoni. "Eti bakimbizi. Mukimbizi gani eko na mashavu ya bile? Huyu Muyisa wangu hafikie hata nusu."

"Ni mukono ya shangazi yake," akajibu mwingine. "Jokébed anajua kulisha."

Jokébed alikuwa amesimama pale pale akisikia kila neno. Alikuwa mjane, muuza matunda, mwanamke aliyejenga nyumba yake ya matofali kwa mapapai na marakuja bila kumtegemea mwanamume. Mdogo wake Mathe alipofika kutoka upande wa Mutwanga na mke na watoto wawili, hana mbele wala nyuma, Jokébed alifungua mlango kabla hawajabisha hodi. Sasa sifa zilimfikia, na nani asiyependa sifa? Akavimba kichwa.

"Mulimuona gisi alifika?" akasema. "Alikuwaka mifupa. Miye njo namutengeneza, kila mangaribi, na matunda yangu."

Haikuwa kweli. Lusenge alifika Butembo na mashavu yale yale. Godelive, mama yake, alilijua hilo vizuri, lakini utamrudije mwenye nyumba mbele ya watu, nawe unalala kwenye mkeka wake? Akatabasamu, akampokea mwanawe na kumtia mgongoni. Mama Syauswa akamsogelea Jokébed, akamwuliza kwa sauti ya chini ni tunda gani hasa analompa.

"Papayi," alisema Jokébed. "Papayi ya kuiva muzuri. Pita kesho ku soko, nitakuchagulia."

*

Kamati iligawa maharagwe na mafuta katika uwanja wa nyuma ya parokia. Wakimbizi walipanga mstari tangu alfajiri, kila mmoja na mfuko wake. Godelive alipofika mbele ya gunia, Mama Syauswa aliinua kopo, akamtazama Lusenge, akalirudisha kopo ndani ya gunia.

"Mama Bénie, toka kwanza kwa mustari."

"Juu ya nini, Mama?"

"Hii maharagi ni ya batoto benye kukonda. Wa kwako ananona kuliko sisi benye kugawa. Bantu bataona, batasema nini? Batasema Syauswa anauzisha chakula ya bakimbizi."

Watu walicheka, tena si kwa ubaya. Walikuwa wamechoka na jua, na kicheko kilikuwa bure. Godelive aliona uso unawaka. Alimvuta mbele binti yake Bénie, msichana wa darasa la kwanza mwenye miguu kama vijiti, akamsimamisha mbele ya gunia bila kusema neno. Mama Syauswa akaguna.

"Bon. Kwa huyu, sawa. Kwa ule munene, hapana. Ule aende kwa shangazi yake."

Basi maharagwe yakawa ya Bénie. Mathe mwenyewe ndiye aliyeyagawa, na aliyagawa kwa haki kama alivyoiona. Sahani ya Bénie ilijaa, ya Lusenge ikawekwa kijiko cha kuonja, na mtoto akakigeuzia uso. Hakuyataka maharagwe. Hakutaka bugali wala sombe ya majani ya muhogo. Alinyoosha kidole kuelekea kapu la shangazi yake, na shangazi, akifurahi kwamba kuna kitu chake kinachopendwa, akamkatia papai na kumvunjia ndizi mbivu mpaka akashiba.

"Unaona?" Mathe alimwambia mkewe. "Yee anajua kitu yenye kumujenga. Mwache."

Mtu yeyote angeliamini papai kama angalipitia aliyoyapitia Mathe. Kule chini ya Ruwenzori alikuwa mchanjaji. Anayekula papai tu haijui kazi hiyo: unafunga wembe kwenye ncha ya fimbo ndefu, unalichanja papai bichi likiwa bado linaning'inia, na maziwa yake yanadondoka juu ya kitambaa, yanakaushwa na kuuzwa ng'ambo. Papai lenyewe linabaki mtini na makovu yake, halina bei. Waasi waliposhuka kutoka mlimani wakachukua mbuzi, kuku na mbegu za maharagwe, familia ilijificha katika shamba lile lililokimbiwa na tajiri wake, ikaishi kwa mapapai yenye makovu. Zilipoiva ndizi wakala ndizi, zilipoanguka avoka wakaokota avoka, lakini chakula chao kilikuwa papai. Bénie alikonda. Lusenge, aliyekuwa ameachishwa ziwa majuma machache kabla ya kukimbia, alianza kujaa mashavu. Baba yake alimtazama akalia kwa shukrani.

Ndiyo maana hakuna aliyeweza kumwambia Mathe neno baya juu ya papai.

*

Nywele za Lusenge zilipoanza kuwa nyekundu na laini, Jokébed aliwaonyesha wanunuzi wake. Alisema mtoto anapata nywele za Kizungu. Mtoto alipoacha kutembea akawa anakaa mlangoni kutwa nzima, Jokébed alisema ni mtulivu, si kama hawa wengine wanaovunja vyombo. Nakwambia, kila dalili ya mabaya iliingia katika nyumba ile ikipigiwa makofi.

Godelive ndiye aliyenyamaza kwanza. Asubuhi moja alikuwa akimwosha mtoto katika beseni nyuma ya nyumba. Alimshika mguu kusugua unyayo, na alipoondoa kidole gumba, aliona shimo. Alidhani ni kivuli. Akabonyeza tena, juu kidogo ya kifundo, akaondoa kidole. Shimo lilibaki pale pale, na maji ya kuoga yakaingia ndani yake. Alimfunika mtoto haraka, akatazama huku na huku kama ameiba kitu.

Neno alilijua. Hakuna mama wa Kivu asiyelijua. Bwaki ni ule ugonjwa unaovimbisha watoto kwa kukosa chakula cha kweli, na wenyeji wana mengi ya kuongezea. Wanasema bwaki inaingia nyumba ambamo baba anatembea nje, au mama amebeba mimba nyingine kabla mtoto hajaacha ziwa. Na kama si hayo, basi ni nyumba ya wachoyo. Kwa hiyo watu hulimeza neno hilo. Hata Godelive alilimeza, akakaa nalo mpaka jioni.

"Baba Bénie," alimwambia mumewe wakiwa jikoni peke yao na mtoto. "Finya muguu ya mutoto."

Mathe alifinya, akaliona shimo. Akasema, "Ni mafuta. Mutoto munene eko bile."

"Mafuta haibakake na shimo. Mathe, tukuwe bakweli. Naogopa bwaki."

Hakujua kwamba Jokébed alikuwa amefika mlangoni na kapu lake.

"Bwaki?" aliuliza Jokébed. "Mu nyumba yangu?"

"Yaya, hapana vile. Niliona tu muguu..."

"Kila mangaribi natia mutoto yako chakula mu kinywa na hii mikono. Wa kwangu sikupataka, Mungu alikatala. Huyu njo nalisha. Na leo unasema namunyima?" Sauti ilimtetemeka, na haikuwa hasira peke yake. "Unataka kumupeleka ku centre ya bwaki, akae ku ile banc ya kando ya barabara, kila mutu apite na kumuangalia? Batasema Jokébed anauzisha matunda kumbe mutoto wa ndugu yake anakufa na njaa. Mama Bénie, utanifungia soko. Utanifungia na uso."

Godelive alimtazama mumewe. Alimhitaji aseme neno moja tu. Lakini Mathe alikuwa amekaa katika nyumba ya dada yake, anakula kwa mkono wa dada yake, na tangu wafike alikuwa hajapata kazi zaidi ya kubeba matofali siku mbili tatu. Mwanamume wa namna hiyo hana sauti, na anachokipata cha kushikilia anakishikilia.

"Ni minyoo," alisema. "Tumbo ya kuvimba ni minyoo. Na minyoo hainishinde. Mbegu ya papayi inaimalizaka kabisa."

Kesho yake alitwanga mbegu za papai, akazichanganya na papai lenyewe, akamlisha mwanawe taratibu, kijiko kwa kijiko, akimwimbia. Alikuwa baba mwema. Ndilo linaloniuma ninapoisimulia habari hii, kwamba katika nyumba ile hakukuwa na mtu mbaya hata mmoja.

*

Ngozi ilipoanza kubanduka miguuni, nyeusi kama rangi kuukuu inayotoka ukutani, na chini yake nyama nyekundu, Godelive alipiga moyo konde. Alisubiri Jokébed aende sokoni na Mathe atoke kutafuta kibarua. Akamfunga Lusenge mgongoni, akamshika Bénie mkono, akapita njia ya nyuma ya karakana za maseremala ili asikutane na wanaomjua. Mbele ya centre, kituo cha kutibu watoto wa bwaki, benchi lilikuwa pale kando ya barabara, na juu yake walikaa mama wengine na watoto wao waliovimba. Alikaa mwisho kabisa. Alijifunika kitenge kichwani.

Muuguzi wa pale aliitwa Kapinga. Serikali ilimleta kutoka Kasaï kabla ya vita, vita ikamfungia njia ya kurudi, na mshahara ukawa habari ya zamani. Hakuwa na maneno mengi. Alimvua mtoto nguo, akabonyeza mguu mmoja, kisha wa pili, akavuta unywele mmoja, ukatoka bila taabu.

"Mama, sio mafuta hii. Ni maji. Anakulaka nini?"

"Papayi. Ndizi ya kuiva. Marakuja."

"Na nini ingine?"

Godelive alifikiri. Alitaka sana kupata jibu jingine.

"Avoka," alisema. "Wakati ingine. Na papayi."

"Tangu lini?"

"Tangu vita."

Kapinga aliweka kalamu chini. "Écoute, mama. Matunda sio mubaya. Mais matunda ni ya kuongezea juu ya chakula. Mutoto anatafuta maharagi, samaki, karanga, yayi, maziwa, ile yenye kujenga mwili. Ukimupa matunda peke yake, tumbo inajaa, yee anashiba, analala. Mwili unabaki bure. Unajikula wenyewe."

"Anashibaka," alisema Godelive, na machozi yakaanza kumtoka. "Kila siku anashibaka, Mama. Siku hata moja sikumulalisha na njaa."

"Najua."

"Haliaka hata njaa."

"Najua, mama. Wenye bwaki habaliake njaa. Njo ubaya yake."

Akamwonyesha kitanda, akamwonyesha kikombe. Dawa ilikuwa maziwa ya unga yaliyopimwa, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Kapinga alimshika Godelive bega na kumtazama usoni.

"Na sasa nisikie muzuri. Hii maziwa tu. Hapana bugali, hapana nyama, hapana kitu ya nyumbani. Moyo yake imechoka sana. Ukiibebesha muzigo kubwa mara moja, itasimama. Kama atalia, umuache alie. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama. Wasingya, aksanti."

*

Ingekuwa habari njema kama ingeishia hapo, maana maziwa yalifanya kazi. Lakini kwanza yalifanya kazi moja ambayo hakuna aliyemwandaa mtu kuiona. Maji yalianza kutoka mwilini. Uvimbe wa miguu ulishuka, kisha wa tumbo, kisha mashavu yale yaliyosifiwa Mususa nzima yakanywea ndani ya siku chache. Chini ya mashavu hapakuwa na mtoto mnene. Palikuwa na mifupa, na ngozi, na macho.

Kapinga alifurahi. "Ni vile inaanzaka," alisema. "Sasa tunaona mutoto mwenyewe."

Mathe hakufurahi. Tangu Bénie aende kumwambia waliko, alikuja kila mchana, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akatazama mtoto wake anavyopungua. Kisha akamwambia mkewe, "Nilikupatia mutoto munene, hawa banakurudishia mifupa." Alirudi nyumbani akamweleza dada yake, na Jokébed, aliyekuwa ameapa kutotia mguu mahali pale, alilia usiku kucha. Asubuhi alikwenda kuchagua kuku.

Ni lazima nilieleze jambo hili kwa haki. Jokébed hakwenda kule kushindana. Soko lote lilikuwa limeshajua, wanawake walikuwa wanapita mbele ya matunda yake wakiangalia pembeni, na aibu ilikuwa imekwisha kumkuta. Hakuwa na cha kuficha tena. Alikwenda kwa sababu alikuwa amempenda Lusenge kuliko kitu chochote tangu mumewe afe. Aliamka mapema akapika alichokijua kuwa chakula cha kweli, kile alichoambiwa kwamba alimkosesha mtoto: kuku mzima wa kienyeji katika mafuta ya mawese, mayai ya kuchemsha, bugali mweupe. Akafunika beseni kwa kitenge, na Mathe akamwambia mlinzi wa getini kwamba wanaleta nguo.

Kapinga hakuwa katika chumba kile. Alikuwa ameitwa haraka kwa mtoto aliyeletwa kutoka Kalunguta akiwa na degedege. Jokébed aliingia, akamwona Lusenge, akafumba mdomo kwa mkono.

"Mungu wangu. Munamumaliza mutoto."

"Yaya, banasema maziwa tu," alisema Godelive. "Banakataza kitu ingine. Moyo yake..."

"Maziwa! Mutu anajengeka na maji ya maziwa? Si njo bale balisema nilimunyima nyama? Bon, nyama ndiyo hii."

"Yaya, tafazali. Rudisha."

Na Jokébed alikuwa anakaribia kurudisha. Mkono wake ulikuwa umekwisha kushika kitenge kufunika beseni. Lakini harufu ya kuku ilikuwa imefika kitandani. Lusenge aligeuza kichwa. Mtoto yule, aliyekuwa hajaomba kitu kwa miezi, ambaye sauti yake Godelive alikuwa ameanza kuisahau, alinyoosha mkono.

"Mama," alisema. "Nipe."

Wote watatu walisimama kama wamepigwa na radi. Mathe alipiga magoti kando ya kitanda akicheka na kulia pamoja. Jokébed alisema, "Unasikia? Anaomba! Anaomba yee mwenyewe!" Naye Godelive, aliyeambiwa mtoto akilia amwache alie, hakuwa ameambiwa afanye nini akiomba. Alichukua kipande cha nyama, akakichambua kwa vidole, akakitia mwanawe kinywani.

"Nipe tena," alisema Lusenge.

Akampa tena. Akampa yai. Akampa bugali aliouchovya katika mchuzi. Jokébed alikuwa anacheza taratibu katikati ya vitanda, mikono juu, akimshukuru Bikira Maria, na akina mama wengine walicheka naye. Lusenge alikula mpaka akajiegemeza kwa mama yake. Kisha akatabasamu. Godelive aliona meno yake.

*

Jioni mtoto alianza kuhema. Tumbo lilikaza, midomo ikageuka rangi, na pumzi zikawa za haraka kama za mtu aliyekimbia. Kapinga alikuja mbio, akafanya yote aliyokuwa nayo, na aliyokuwa nayo hayakuwa mengi. Kabla ya jua kuchomoza Lusenge alikuwa ameaga dunia, mkono wake bado umeshika nguo ya mama yake.

Chini ya kitanda kulikuwa na mfupa wa kuku. Kapinga aliuokota, akautazama, akamtazama Godelive.

"Nani alimupa?"

"Miye," alisema Godelive.

Kapinga alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamfunga mtoto macho, akabaki ameketi pale na mfupa ule mkononi.

*

Kilio kilikuwa kwa Jokébed. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani juu ya mikeka. Baada ya maziko, Jokébed alipika chai, akapita na sinia kwa kila mtu, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba. Mwanamke wa kwanza alisema ameshiba. Wa pili akasema meno yanamuuma. Wa tatu aligeuza tu uso. Sinia ilizunguka chumba kizima ikarudi na vikombe vyote vimejaa.

Hapo ndipo Jokébed alipoelewa. Watu walikuwa wananong'ona tangu makaburini. Mtoto mnene namna ile, aliyesifiwa na kila mtu, anakula kuku wa shangazi yake, na kesho yake anazikwa? Mjane asiye na mtoto, anaona wivu mtoto wa mwenzake? Neno lililokuwa linapita chini chini ni karuho, sumu ya kutiliwa mkononi. Na karuho katika nchi ile si neno la mchezo. Kwa neno hilo nyumba zimechomwa, na wajane wamefukuzwa na mawe.

"Miye sisemi kitu," alisema Mama Syauswa, na kila aliyesema hivyo duniani alikuwa na la kusema. Alikaa karibu na mlango, mjukuu wake Muyisa amemlaza mapajani. "Nauliza tu. Mutoto mwenye afya, anakufa na kuku?"

Jokébed alimtazama mdogo wake aliyesimama kizingitini. Mathe aliujua ukweli. Lakini ukweli ulikuwa unaitwa bwaki, nao ulikuwa unamngoja yeye, baba aliyetwanga mbegu na kuimba. Aliinamisha kichwa.

Godelive aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, mahali ambapo mama wa marehemu haruhusiwi kuondoka. Alivuka chumba, akachukua kikombe kutoka kwenye sinia ya wifi yake, akanywa chai yote mbele yao mpaka tone la mwisho. Kisha akakigeuza kikombe waone ni kitupu.

"Mutoto yangu alikufa na bwaki," alisema.

Mtu alitoa sauti ya kushtuka.

"Bwaki. Nilisema. Hakukuwa munene. Ilikuwa maji. Mulimubeba, mulimufinya mashavu, mulicheka, na miye nilicheka na ninyi. Tulimulisha matunda, asubuhi matunda, mangaribi matunda, alikuwa anashiba na anakufa. Yaya Jokébed alimupa kitu alikuwa nayo, na roho nzuri. Na ile kuku, mukono yenye kuitia mu kinywa ilikuwa ya kwangu." Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Mwenye kutafuta muuaji, niko hapa. Mwenye kutafuta karuho, aende kwake."

Jokébed aliweka sinia chini, akakaa palepale sakafuni, akaanza kulia kwa sauti. Mathe aliingia. Alikaa karibu na dada yake, akamshika mkono. Hata sasa hakuwa na sauti, lakini alikuja kukaa upande ule, na Godelive aliliona hilo.

Mama Syauswa peke yake hakuwa anawatazama. Alikuwa anamtazama mjukuu wake. Muyisa alikuwa amependeza sana siku hizi, kila mtu alisema. Mama yake ana mimba nyingine, bibi ndiye anayemlea, na kila siku bibi alipita kwa Jokébed kuchaguliwa papai lililoiva vizuri. Alilala pale mapajani, mashavu yamejaa, ametulia, hata kelele za kilio hazikumwamsha.

Mama Syauswa alimvua soksi. Alibonyeza mguu kwa kidole gumba, akakiondoa, akatazama. Kisha akabonyeza tena, mahali pengine.

Aliinua uso. Mwanamke yule mwenye sauti kubwa alikuwa anamtazama mkimbizi ambaye yeye mwenyewe alimtoa kwenye mstari wa maharagwe, na hakuwa na sauti hata ya kuomba.

Godelive alichukua kitenge chake kutoka kwenye mkeka, akajifunga.

"Simama, Mama," alisema. "Centre haiko mbali. Nitakusindikiza."

Wakatoka wote wawili, watu wakiwapisha. Godelive alimbeba Muyisa mwenyewe. Walipofika barabarani alisimama, akamgeukia.

"Batamupa maziwa kidogo kidogo. Atapungua, utaona mifupa, usiogope. Na usimupe kitu ingine." Alimtazama mtoto aliyelala begani mwake. "Hata akikuomba, Mama. Hata akikuomba."